Mwenyekiti wa Ng'ambo ya Mto

Zahanati, 3 Machi

Wifi yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi ni wazima, ila goti langu la kushoto limeanza kudai pensheni kabla yangu. Wewe je, kile kikohozi kimekuachia? Na watoto hawajambo? Barua hii anakuletea dereva wa gari la dawa, maana mnara wa simu uliochomwa bado haujasimamishwa.

Nina jambo. Nilikwambia wanawake wa upande wetu na wa ng'ambo ya mto wameanza kukutana hapa, siku ya kliniki ya watoto. Ilianzia kwenye foleni ya mizani, na sasa tuko thelathini na mmoja. Tumepanga zamu ya kisima, asubuhi wao, alasiri sisi, na tangu Desemba hakuna aliyepigwa pale. Ng'ombe wakiibwa, tunaulizana wenyewe kabla wanaume hawajashika silaha. Mara mbili wamerudishwa.

Lakini tunakwama. Mvua ikinyesha mto haupitiki, na nauli ya kuzunguka wengi hawana. Halafu kamati ya usalama haituiti kwenye vikao vyake. Wanasema sisi si chombo kinachotambulika, kana kwamba wao walizaliwa na muhuri. Nimesikia ofisi yako inatoa ruzuku kwa wanawake wanaoongoza kazi ya amani. Ni kweli, au ni maneno ya redioni tu?

Wifi yako,
Mkunga


Mjini, 14 Machi

Wifi,

Shikamoo yako na ya goti lako. Kikohozi kimeisha, watoto wazima, wanakusalimu. Hilo la muhuri limenichekesha mpaka bosi akanichungulia mlangoni.

Ni kweli, ruzuku ipo, na maombi ya ukanda wenu yanapitia mezani kwangu. Fomu hizi hapa. Jambo moja tu: kwa kuwa wewe ni wifi yangu, usiandikwe kiongozi. Nitamweleza bosi kuhusu undugu wetu, lakini ni vizuri kwenye karatasi aonekane mtu mwingine. Chagueni mwenyekiti mnayemwamini, jaza kiambatisho cha tano, orodha ya viongozi na historia yao fupi, kisha unirudishie kabla ya mwisho wa Aprili.

Kaka angekuwepo angejisifu mtaa mzima kwamba mkewe anatuliza vita. Mwaka wa tatu huu tangu wamuue pale darajani, na bado sijaweza kuifuta namba yake.

Wifi yako wa mjini


Zahanati, 29 Machi

Wifi yangu,

Natumaini wote hamjambo. Sisi tupo, tunamshukuru Mungu.

Fomu hizo zimejazwa. Tulichagua kwa kutia vijiwe kwenye makopo ya maziwa, na mwenyekiti kapata vijiwe ishirini na viwili. Ni mama mmoja wa ng'ambo, muuza chumvi. Ana sauti ndogo, lakini akianza kuongea hata wanaonyonyesha hunyamaza.

Sasa kaa chini usome. Sitaki uyasikie kwa mtu mwingine. Mwanawe alikuwa darajani siku ile. Sijui kama ni yeye aliyepiga risasi, na mama mwenyewe hajui. Aliniambia hapahapa zahanati mwaka jana, baada ya kumzalisha binti yake. Nilikuwa nanawa mikono. Akasema, "Mkunga, kabla hujanipa mjukuu wangu, ujue mimi ni mama wa nani." Nikampa mtoto. Sikuwa na pengine pa kumweka.

Sikumpigia kura, nakwambia ukweli. Ila sikumpinga.

Wifi yako,
Mkunga


Zahanati, 2 Juni

Wifi,

Uhali gani? Miezi miwili dereva anarudi mikono mitupu, nami nimeacha kumwuliza maana anaona aibu kuliko mimi.

Badala ya barua yako imekuja ya ofisi: maombi hayajakamilika, kiambatisho cha tano hakipo. Wifi, kiambatisho hicho nilikibana mwenyewe kwa pini ya nepi, kwa kuwa pini za karatasi zilikuwa zimekwisha.

Huku mto ulijaa, tukakosa kukutana wiki tano. Wiki ya nne vijana wa upande wetu walikwenda kisimani asubuhi, zamu isiyo yetu, wakang'oa mpini wa pampu. Mama mmoja wa ng'ambo alivunjwa mkono. Niliufunga mimi. Kamati ya usalama ilikaa juu ya jambo hilo siku mbili, sisi tukasimama nje ya uzio. Tungekuwa na karatasi yenu ya kututambua tungekuwa ndani.

Sikulaumu bila kukusikia. Niandikie, hata mstari mmoja.

Wifi yako


Mjini, 11 Juni

Wifi yangu,

Nakusalimu, ingawa sijui kama salamu yangu bado ina uzito.

Kiambatisho cha tano kiko mbele yangu, na pini yake. Nilikichomoa mimi. Nilisoma historia ya mwenyekiti wenu, "mama wa watoto sita, mmoja aliingia kwenye mapigano," nikaona kalamu yangu ndiyo itakayompa huyo mama cheo, ofisi na posho, na kaka yangu yuko ardhini. Nikakitia kwenye droo. Nilijiambia nitakirudisha kesho yake. Nilikuwa naifungua droo kila asubuhi kuchukua stepla, nakiona, naifunga. Hata bosi sikumwambia kwamba tuna undugu.

Nilipofika pale kwenye mkono uliovunjwa sikuendelea kusoma. Jana nilimpelekea bosi kila kitu. Akauliza, "Ulikuwa unangoja nini?" Nimetolewa kwenye uteuzi wa maombi na nimepewa barua ya onyo. Dirisha la maombi la mwaka huu limefungwa. Maombi yenu yataingia kwenye yale ya mwaka ujao, na yatasomwa na mwenzangu.

Siombi uniambie kwamba si kitu. Nataka kujua tu, uliwezaje kukaa naye chumba kimoja?

Wifi yako


Zahanati, 25 Juni

Wifi,

Sisi wazima. Mwenye mkono anaendelea vizuri, ila anafua kwa mkono mmoja na ana watoto wanne. Kwa hiyo ni kitu. Umetunyima mwaka mzima, na nina hasira nawe. Nakuandikia nikiwa nayo, maana nikingoja iishe utazeeka.

Wanawake nimewaambia ukweli. Wengine walitaka jina lako lipelekwe mbali. Mwenyekiti aliuliza kitu kimoja: "Huyo dada bado ana kazi?" Nikasema anayo. Akasema, "Vizuri," tukaendelea na habari ya mpini wa pampu.

Umeuliza niliwezaje. Mtoto wa binti yake alikaa vibaya tumboni, na aliponiambia sikuwa na nafasi ya kumchukia mtu aliyekuwa amenishikia beseni. Alipomleta kupimwa nilijifungia stoo ya dawa, nikamwachia nesi. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu stoo ilikuwa na joto, nikatoka. Ni hivyo tu, wifi. Usinifanye mtakatifu.

Mto ukipungua, njoo. Si kama afisa.

Wifi yako,
Mkunga


Mjini, 9 Februari

Wifi yangu mpendwa,

Nilifika salama, watoto nimewakuta wazima. Asante kwa kunipokea siku zile nne, na goti lipake ile dawa niliyokuachia, usiwape wagonjwa.

Nimekaa mwezi mzima bila kukuandikia kwa sababu nilikuwa nayapanga aliyoniambia mwenyekiti. Ulitoka ukatuacha, kwa hiyo hukuyasikia. Alisema, "Wangu yuko hai huko aliko, wako hayupo. Siwezi kukusawazishia hilo. Akirudi, sitamficha." Nilitazama mizani ya watoto mpaka akanyanyuka.

Kisha kikao chenu kikaanza, na wale wawili wa kamati ya usalama wakasimama kutueleza taratibu za kisima. Akawauliza kwa sauti yake ile ndogo mara ya mwisho walichota maji lini. Mmoja akaketi, mwingine akaanza kutafuta kofia yake. Nilicheka, wifi. Nilichukia kwamba nimecheka, lakini nilicheka.

Leo mwenzangu amewasilisha maombi yenu. Mimi nilingoja koridoni. Yamepita, miaka miwili, yote mliyoomba isipokuwa pikipiki.

Mwambie mwenyekiti sijamsamehe mwanawe, na sijui kama nitaweza. Mwambie pia mkataba unakuja Alhamisi na dereva. Ausome wote. Ukurasa wa nne, palipoandikwa "kiongozi," aandike jina lake kamili.

Wifi yako