Mlima Usio na Ukungu

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Morogoro hatujambo. Umeniuliza, kati ya masomo yote ya kuchora michezo ya kompyuta uliyoyapata mtandaoni, uanze na lipi, maana milima yako inaonekana kama ya karatasi.

Ujanani nilichora pazia la studio ya picha, Uluguru nzima kwa kijani kimoja. Msichana mmoja wa mlimani akakataa kusimama mbele yake. "Ukungu uko wapi? Huku si kwetu."

Nilinuna. Lakini nilipotoka nje kuutazama mlima, vilele vya mbali vilikuwa vimefifia kweli. Nikaizimua rangi kwa maji, nikavipaka upya vilele vya mbali paziani.

Kati ya masomo yako, anza na lile la ukungu, la kufifisha vitu vya mbali. Yule msichana alirudi, akapigwa picha. Sasa hivi yuko jikoni, ananiuliza kama nimekuandikia salamu za bibi yako.

Babu