Nilimwungamia Shemasi Kuhusu Kasula Yake Mwenyewe

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Alhamisi, na usicheke.

Nina miaka kumi na sita, nasoma shule ya bweni, tunafundishwa kwa lugha mbili na mimi naona haya kwa zote mbili. Mama yangu ni fundi wa mavazi ya kanisa. Likizo hii alikuwa anashona kasula, lile vazi la juu la padri la kuadhimishia misa, ya shemasi atakayepewa upadri Jumamosi ijayo, na mimi bila kutumwa nikasema ngoja niipige pasi, nikaiunguza mgongoni, nikaikunja nikanyamaza. Mama alipoiona akamgeukia dada anayejifunza ushonaji kwetu. Dada akasema, “Haki ya Mungu, mama, si mimi.” Mama akajibu, “Kwa hiyo pasi ilijiwasha yenyewe?” Akamfukuza, na mimi nilikuwa palepale naokota vifungo sakafuni.

Sikulala vizuri tena, basi Jumapili nikaenda kuungama, nikamkuta mtu kwenye benchi karibu na kiti cha kitubio, kanzu nyeupe, stola, ule ukanda mrefu wa ibada, begani, nikapiga magoti macho chini nikamwaga yote kwa pumzi moja, kasula, pasi, dada, mpaka akainua mkono: “Subiri, mdogo wangu. Mimi ni shemasi. Kubatiza naweza, kuhubiri naweza, lakini kuondolea watu dhambi bado sijapewa. Ngoja nikuitie paroko.”

Shemasi! Parokia yetu ina mmoja tu, mwenye kasula! Nikatoka mbio.

Mshauri, angeweza kunibariki tu nikaenda zangu nimeridhika, nisingejua. Hakufanya hivyo. Tangu hapo namheshimu kuliko watu wote na namwogopa kuliko wote, na Alhamisi anakuja kwetu kujaribisha vazi. Atamwambia mama? Nijifanye mgonjwa?

Mwenye Haya


Binti yangu,

Nimecheka kidogo, nisamehe. Sasa kaa vizuri.

Stola ya shemasi hukatiza kifua kutoka bega la kushoto. Ya padri huning'inia shingoni pande zote mbili. Mtoto wa fundi hujui hilo? Siku nyingine inua macho.

Huyo kijana amesoma miaka mingi, zimebaki siku chache tu apewe daraja la upadri, na mbele yake kuna mtoto analia. Hakujichukulia hata neno moja ambalo hajakabidhiwa. Ndiyo maana ya utumishi ule: padri hakuondolei dhambi kwa wema wake, anatoa alichopewa kwa kuwekewa mikono na askofu. Umeona padri mzuri kabla hajawa padri. Na mtu anayejua mpaka wa mamlaka yake anajua na mpaka wa mdomo wake. Hatamwambia mama yako.

Utamwambia wewe. Leo, si Alhamisi, na ugonjwa wa kujifanya uuache. Atafoka, mwache afoke. Kisha mwende wote wawili kwa dada, umwombe msamaha mbele ya mama, arudi kwenye cherehani yake amsaidie mama kubadilisha kipande kilichoungua. Halafu nenda kwa paroko uungame mpaka mwisho.

Alhamisi mfungulie shemasi mlango wewe mwenyewe, na dada ndiye amvalishe hiyo kasula.

Dhambi utaondolewa na padri. Kumrudisha dada ni kazi yako, na hiyo haihitaji kuwekewa mikono.