Macho Yangu Hayafai Leza

Jumamosi, kijijini kwetu Bahati. Asubuhi kulikuwa na ukungu, kisha jua likatoka kali na upepo ukaanza kuleta vumbi la barabara hadi jikoni. Niko nyumbani kwa likizo fupi ya katikati ya muhula. Ninaandika kwa simu ya Mama, na herufi nimezikuza mpaka mstari mmoja unabeba maneno machache tu.

Leo nimeambiwa macho yangu hayafai kwa leza.

Nimeiandika mapema ili nisiizunguke.

Kama umewahi kusoma ukurasa huu, unajua jinsi nilivyoingoja siku ya leo. Miwani yangu imebadilishwa tena na tena, kila mara vioo vikiwa vinene zaidi, na bado ubao hausomeki vizuri. Herufi zina vivuli. Nikiutazama mwezi naona kama miezi kadhaa imepandana. Darasani wananiita Chupa kwa sababu ya hivyo vioo. "Chupa, hebu tusomee hiyo ya juu," wanasema, na wakicheka nami nacheka, kwa kuwa sijui la kufanya lingine. Lakini moyoni nilikuwa na jibu langu. Nikitimiza miaka kumi na minane, daktari atanirekebisha macho kwa mwale wa leza, na mwaka wa mtihani nitakaa hata nyuma nikipenda.

Mama alinipeleka kliniki ya macho mjini Nakuru. Pale wana utaratibu mzuri. Kabla daktari hajaanza kuona watu, muuguzi husimama mbele ya benchi na kujibu maswali ya kila mtu kwa pamoja, ili wenye haya nao wasikie. Mimi ni mmoja wa wenye haya. Maswali yangu yote yaliulizwa na watu wengine.

Kijana mmoja mwenye koti la bodaboda aliuliza kama inauma, na itakuwaje akipepesa jicho katikati ya kazi. Muuguzi alisema kuna matone ya ganzi, na kifaa kidogo kinazuia kope zisifunge, na jicho likihama mashine hulifuata au husimama yenyewe.

"Na kesho yake naweza kubeba watu?"

"Kesho yake unarudi hapa tukuangalie. Ukibeba mtu kabla ya hapo, utampeleka kwa mtaro."

Mzee mmoja kutoka Molo aliinua fimbo yake. Alitaka kujua kama akifanyiwa atasoma Biblia bila miwani. Muuguzi alimweleza kwa upole kwamba umri ukisonga, lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa, na kwa kawaida mtu bado atahitaji miwani ya kusomea hata baada ya leza.

"Kwa hivyo makosa yangu ni kuzaliwa mapema," mzee alisema, na benchi lote likacheka. Nilicheka pia. Kila jibu lilikuwa kama lile nililosoma mtandaoni, nikajiona mwanafunzi aliyejiandaa vyema.

Kisha nikaitwa.

Niliweka kidevu kwenye mashine na kutazama miduara ya mwanga. Picha ya jicho langu ikatokea kwenye kompyuta ikiwa na rangi kama ramani ya milima tunayochora katika Jiografia. Chini ya katikati kulikuwa na doa jekundu. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alilitazama kwa muda mrefu. Aliniuliza swali ambalo sikuwa nimelisoma mahali popote.

"Huwa unafikicha macho?"

Mama ndiye aliyejibu. "Sana, daktari. Sisi tunalima pareto. Maua yake yakianikwa, vumbi linamwasha macho hadi yanavimba. Tangu akiwa mdogo."

Daktari alinieleza polepole. Sehemu ya mbele ya jicho, ile inayopitisha mwanga, inaitwa konea. Yangu imekuwa nyembamba na imeanza kuchongoka kama ncha ya yai. Leza hufanya kazi kwa kupunguza konea kidogo ili kuipa umbo jipya, na yangu haina cha kupunguzwa. Ikiguswa itazidi kuharibika. Nilimuuliza kama nikifika kumi na minane mambo yatabadilika. Alisema hapana. Nilimuuliza kama ni kufikicha kulikoleta haya. Alisema wengine huzaliwa na udhaifu huo, hakuna anayeweza kusema kwa hakika, lakini kufikicha kunauongeza. Kuanzia leo nisiguse macho hata yakiwasha vipi.

Kuna matibabu mengine, ya matone na mwanga maalum, ya kuifanya konea iwe ngumu isiendelee kuchongoka. Hayarudishi nilichopoteza. Yanazuia tu. Atanipima tena baada ya miezi michache aone kama hali inasonga, ndipo aamue. Mpaka wakati huo nitumie dawa ya mzio na ningoje.

Kungoja ndiyo kazi niliyopewa.

Nje, jua lilinichoma macho kwa sababu ya matone ya kupanua mboni waliyonitia wakati wa kupima. Mama alinifunika kichwa kwa kitambaa chake na kunishika mkono kama mtoto wa chekechea. Tukatembea hivyo hadi karibu na nyumbani. Hapo alisimama akasema, "Usimwambie Shosho hiyo ya kufikicha. Tafadhali."

Nilijua mara moja alikuwa anawaza nini, maana hata mimi nilikuwa nawaza hilo hilo.

Shosho ni mama yake Baba, na hapa kwetu yeye ndiye daktari wa pareto. Siku za kuanika, sisi wajukuu tukianza kulia macho, hutuita mmoja mmoja. Huchukua pembe ya leso yake, huipulizia pumzi mpaka ipate joto, kisha hulifikicha jicho kwa kidole gumba, kwa nguvu, hadi machozi yatiririke. Anasema uchafu hutoka na machozi. Inauma kidogo halafu inakuwa tamu, na ukifungua macho unauona uso wake karibu sana na wako. Wajukuu wengine walikuwa wanakimbia. Mimi nilikuwa narudi nifanyiwe mara ya pili.

Tulimkuta uani akigeuza maua kwenye mkeka. Alipoona macho yangu mekundu aliacha kila kitu, akaifuta mikono na kuanza kuipulizia leso.

"Kuja hapa, mami. Kuja nikutoe hiyo pareto."

Nilisimama. Mama aliingia ndani akaniacha. Simlaumu.

Nilitaka kumwambia, na nilitaka pia kukaa miguuni pake anifikiche kama zamani. Macho yaliwasha mno. Mwishowe nilisema daktari ametia dawa, na dawa hiyo haifai kuguswa. Huo si uongo kamili, lakini nilifundishwa kwamba nusu ya ukweli nayo huitwa uongo.

Shosho alinitazama kidogo. "Sawa. Wacha ikauke," alisema, akaikunja leso na kuirudisha kifuani.

Sasa ni jioni, na ninaikalia mikono yangu kati ya mstari na mstari ili isipande usoni. Sina hasira na mtu. Ningekuwa na hasira ingekuwa rahisi zaidi, ningejua pa kuitupa. Nasali konea isizidi kuchongoka, basi. Siombi hata irudi. Daktari alisema wengine husimama hapo walipo kwa miaka mingi, na mimi sioni kwa nini nisiwe mmoja wao.

Kupitia dirisha namsikia Shosho akikusanya pareto na kumwambia Mama kwamba dawa za hospitali hukauka kufikia asubuhi. Anasema kesho nikiamka nipelekwe kwake kwanza, kabla ya chai.

 Nina usiku mmoja wa kutafuta maneno yatakayoniokoa macho bila kuilaumu mikono ya Shosho.