Hatua Kumi na Moja Juu ya Gugu Maji

Seline Adero Oduor, 1975–1997

Mwaka umezunguka, Seline, tangu Jumamosi ile ya tarehe ishirini Septemba ulipotoka nyumbani kwetu Kisian na gauni jeupe mkononi, ukashuka ziwani, na usirudi kwa miguu yako.

Tangazo la mazishi liliandikwa na baba yako. Lilisema umekufa maji, likaishia hapo. Hili mama yako ameomba aandike yeye. Shule aliishia darasa la saba, kwa hivyo wasomaji watamvumilia. Kuna neno moja la siku ile ambalo amelimeza mwaka mzima, na kuna mabinti wa watu ambao hadi Jumapili iliyopita wamekuwa wakisimama juu ya gugu maji ili wapigwe picha kama yako. Mmoja wao ni mdogo wako Beldina. Kwa hivyo tunasema na wewe, lakini tunataka wote wasikie.

Ulikuwa fundi wa nguo. Cherehani yako ilikaa kwenye veranda kando ya barabara ya Busia, na mtoto wa shule akija na shati limechanika ulilishona akiwa amelivaa, wewe umepiga magoti, unamwuliza habari za ng'ombe wao ili asione haya. Chai ulipenda iliyopoa. Kutembea kwako hakukuwa na sauti. Tangu utotoni mama yako alikuwa anasonga ugali, anageuka akuite, kumbe umesimama nyuma yake zamani na mlango hajausikia. Alikuwa anakukemea: nyathina, mtoto wangu, kanyaga chini watu wakusikie. Ulicheka tu.

Mwaka wa tisini na tano Wakhisi, kijana kutoka Bungoma, alikodi stoo ya mabati nyuma ya mashine ya kusaga, akaweka televisheni, video, mabenchi na jenereta. Kanda zake karibu zote zilikuwa za Wachina wa kupigana. Kwa kuwa maneno yao hakuna aliyeyajua, alisimama kando ya televisheni akitafsiri kwa Kiswahili, na lile asilolijua alilitunga. Mzee mwenye ndevu nyeupe alimwita chifu. Msaliti alimwita karani wa pamba. Watu walicheka hadi mabenchi yakalia.

Wengine walikwenda kutazama ngumi. Wewe ulikwenda kutazama nguo. Ulirudi nyumbani ukimchorea mama yako kwa kidole kwenye majivu ya jikoni: mikono ya gauni iliyo mirefu kuliko mwenye kulivaa, inayofunguka hewani kama maziwa yakimwagika majini. Ulimweleza mianzi inayoinama na mwanamke amesimama kwenye ncha yake bila kuivunja, taa nyekundu za karatasi, maua yanayoanguka katikati ya vita na hakuna panga linaloyagusa. Na ulimweleza wale wawili wanaopendana lakini koo zao ni maadui. Hawaruhusiwi kuambiana neno, kwa hivyo wanapigana kwa panga siku nzima, kila mmoja akichunga asimkate mwenzake.

"Mama, hiyo ndiyo barua yao," ulisema.

Mama yako aliogopa. Aliona unakula kidogo na kutazama mbali. Jumamosi moja alasiri alikwenda kukutoa humo kwa sikio. Alipoinama mlangoni mtu alimtania kutoka gizani, ati Mama Seline, umekuja kuomba ama kutazama? Alikuwa bado anatafuta kichwa chako kati ya vichwa vya watu alipoiona televisheni. Palikuwa na ziwa lenye ukungu. Mwanamume amesimama kwenye ncha ya unyasi mmoja, mwanamke wa nguo nyeupe kwenye mwingine, ziwa zima katikati yao, na hakuna anayezama. Halafu mwanamke akakimbia juu ya maji kumwendea, na vidole vyake viliacha vijiduara tu, kama vya mvua inayoanza. Stoo nzima haikupumua. Mama yako alikaa chini, akatazama hadi mwisho, akajifuta macho kwa leso. Hilo hajawahi kumwambia mtu. Leo anasema.

Siku hiyo mtu mmoja alimwuliza Wakhisi hao watu wanafanyaje. Wakhisi akajibu, "Ni pumzi. Ukishika pumzi yako vizuri, mwili inakuwa nyepesi, maji haijui kama wewe ni mtu." Alisema hivyo kuchangamsha watu, na kidogo kwa sababu wewe ulikuwa umekaa benchi la mbele.

Tangu hapo ulianza kujizoeza. Asubuhi moja mama yako alifuata njia yako ya mchanga kwenda kisimani akaziona nyayo za kwenda. Za kurudi, na mtungi umejaa kichwani, hakuziona. Alimwambia baba yako. Baba yako alisema ni umande umezifuta, akaendelea kunywa uji.

Kwaya ya kanisa uliishonea majoho yenye mikono ile. Mchungaji aliuliza watafunguaje vitabu vya nyimbo. Lakini waliponyanyua mikono pamoja, mbele ya kanisa palifanana na kundi la yangeyange linaloinuka matopeni, na mchungaji hakuuliza tena. Majoho ni kumi na mawili. Mwaka huu wote, wakinyanyua mikono, mama yako huhesabu na kupata mikono ishirini na sita. Anafumba macho, anahesabu tena, anapata hiyo hiyo. Mwenzake wa benchi humgusa bega, yeye husema ni usingizi.

Wakhisi alikuja nyumbani na mjomba wake, akazungumza na baba yako kwa adabu. Harusi ikapangwa Desemba. Gauni ulilianza siku ile ile, na mikono yake ukiilaza mezani ilivuka ikashuka hadi sakafuni.

Mwaka huo gugu maji lilikuwa limeziba ghuba. Mama yako kwao ni Nambale, kwa mihogo. Ziwa alilikuta kwa kuolewa, na hadi leo hajalielewa. Jioni unaona mbele yako shamba la kijani lenye maua ya zambarau mpaka macho yanapochoka. Kesho yake saa nne shamba limehama, pamebaki maji matupu. Alasiri limerudi, mafunjo yamesimama ndani yake, ndege wanatembea juu yake kama kuku uani. Nchi inayoondoka watu wakiitazama na kurudi bila kuitwa si kitu cha kuzoea, lakini tulikizoea.

Wakhisi aliazima kamera Maseno. Mlitaka picha moja kama ya video, kabla ya harusi, na mama yako mlimwomba awashikie pindo la gauni lisipate matope. Kwanza alikataa. Ulimwambia, "Mama, hii ni maua tu. Hata mbuzi ilipita hapa jana." Na kweli mbuzi alikuwa amepita.

Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Ulivua viatu ukapanda. Gugu lilibonyea kidogo kama godoro, likakubeba. Ulikwenda hadi palipokuwa na mafunjo, pale lilipokuwa nene, ukafungua mikono. Wakhisi akapiga picha. Akakuomba ugeuke kidogo, akapiga ya pili. Hakukuambia usogee mbali. Mama yako alikuwepo na ndiye shahidi.

Hakuna aliyesikia kitu. Upepo wa asubuhi, ule wa kutoka nchi kavu, ulikuwa umeamka, na mama yako akahisi kama ni yeye anayerudi nyuma. Kumbe ni wewe unayekwenda. Kati ya gugu lako na ufuko palikuwa na mstari wa maji mwembamba kama uzi, halafu kama utepe, halafu upana wa mlango. Wewe ulikuwa umesimama tu, umenyooka, mweupe, unateleza bila kupiga hatua, na maua yote yanakwenda nawe. Wanawake waliokuwa wakifua waliacha kufua. Mmoja akamwambia mwenzake kwamba hapa kunatengenezwa sinema.

Mzee Zadock, mvuvi, alikuwa ameketi kando ya mashua yake iliyofungiwa na gugu wiki nzima. Hakukimbia. Alikuja akasimama karibu na mama yako, akaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliye kanisani.

"Mama Seline, usimwite. Mwambie alale. Alale kama mtu yuko kitandani, apanue mikono. Hii kitu itambeba. Saa sita upepo inageuka, ziwa itamrudisha hapa hapa yenyewe."

Mama yako alisikia. Wakhisi alisikia, akaweka kamera chini, akakuambia kwa utulivu ulale. Nawe ulianza kupiga magoti, Seline. Ulikuwa unamtii. Ulikuwa mzima, huna hofu, hata nguo haijalowa.

Neno lenyewe ni hili. Mama yako aliona saa sita iko mbali mno. Aliona ule upana wa maji umekuwa upana wa chumba. Akamkumbuka yule mwanamke wa nguo nyeupe, akapaza sauti:

"Kimbia! Shika pumzi, nyathina, kimbia uje!"

Ulimtazama. Ukacheka kama mtu aliyekuwa akingoja ruhusa miaka miwili. Ukasimama, ukakimbia.

Hatua kumi na moja mama yako alizihesabu, na akiulizwa mbinguni atazitaja moja moja. Maua hayakuinama. Mikono ya gauni ilifunguka nyuma yako yote miwili, na juu ya ule uzambarau hukuwa mtu wa kwetu tena. Kwa hatua kumi na moja mama yako alifurahi. Hilo humtisha kuliko kifo chenyewe. Ya kumi na mbili ilikuwa ukingoni, ambako mizizi haijashikana. Hakukuwa na ukelele, wala maji hayakuruka. Gugu lilifunguka likajifunga, maua yakasimama vile yalivyokuwa, na mtu ambaye angefika wakati huo angeapa kwamba hapo hajapita yeyote.

Wakhisi alijitupa. Mzee Zadock na wanawake walimvuta kwa kamba akiwa nusu mfu, na alipopata pumzi alitaka kurudi.

Siku ya nne, saa saba, upepo wa ziwa ulikuleta pale pale tulipokupotezea. Ulikuwa katikati ya maua, umelala chali, mikono umeipanua, vile hasa ulivyotakiwa kulala.

Watu walitaka mtu wa kulaumu, wakamkuta Wakhisi. Walisema video zake zimekuloga, kamera yake imekuua. Vijana walivunja televisheni na mabenchi, akahamia mtaa wa Obunga, mjini, na huko anabeba magunia. Kaka za baba yako walimzuia kaburini. Alisimama barabarani hadi watu wakatawanyika. Mama yako alimwona, akashusha macho. Wanawake waliokuwa wakifua walisikia kelele tu, maneno hawakuyashika. Wakhisi alisikia lile neno kama alivyolisikia Mzee Zadock, na wote wawili hawajalitamka mbele ya mtu hadi leo. Mzee alisema tu kwamba ni la mwenyewe kulisema.

Picha yako ya pili ilisafishwa mjini. Mtu wa studio aliipenda, akaibandika dirishani bila kutuuliza. Tumemwomba aitoe na ameitoa, lakini imeshaonekana. Ni nzuri kwa namna inayoshtua, kwa maana huwezi kuona umekanyaga nini. Tangu hapo wasichana wanashuka ziwani Jumapili baada ya ibada, na nguo nyeupe, na shuka, hata pazia. Jumapili iliyopita mama yako alimkuta Beldina humo, hatua nne kutoka ufukoni, rafiki yake anatengeneza kamera. Hakumwita. Alipiga magoti matopeni na nguo zake za kanisa, akafumba mdomo kwa mikono miwili, hadi mtoto akamwona na kurudi mwenyewe polepole. Halafu akamkumbatia mpaka akalia kwamba anaumia.

Wazazi wa Kisian, wa Otonglo, na ninyi mliokuja ziwani kwa kuolewa au kwa kazi: gugu maji si nchi. Mbuzi akipita, mtoto wako si mbuzi. Video ni nzuri, watoto waendelee kuzitazama, mama yake Seline hawakatazi. Lakini gugu likimchukua mtoto wako, umeze sauti yako. Mwambie alale, ukae hapo umtazame, uvumilie huo muda mrefu. Muda huo ndio mama yake Seline hakuuweza.

Ibada yako, Seline, itakuwa nyumbani Jumapili hii, tarehe ishirini, baada ya kanisa. Wakhisi ataketi mbele, upande wa kulia wa mama yako, na baba yako ameshakwenda Obunga mwenyewe kumwomba aje. Mwenye lawama alete kwa mama yako.

Wanaokukumbuka kwa upendo: mama yako Agneta Nabututu, baba yako Walter Oduor, mdogo wako Beldina, na mume wako Wakhisi.

Siku zote tulizobakiziwa, Seline, tutakukumbuka.