Mwalimu Mpya wa Fizikia

Rose, uko wapi? Shemeji Maige kaumbuka!

Si tumempeleka Kabula kuanza kidato cha tano? Alichagua HGL, historia, jiografia na lugha. Kufika shuleni, anaitwa mstari wa PCB. Kumbe Shemeji, baba yake, aliingia mtandaoni akambadilishia tahasusi kimyakimya. Fizikia, kemia na baiolojia, Rose!

Mtoto akaangua kilio. Dada Suzana, mama yake, wala hakutetereka. Akamgeukia mkuu wa shule: "Mume wangu fizikia anaijua mno. Atakuja kujitolea kufundisha kila Jumamosi."

Yule aliyepata F ya fizikia! Mtaa mzima wa Pasiansi unajua!

Mkuu akamtangaza, wazazi wakapiga makofi. Shemeji jasho linamtiririka.

Sasa tunasubiri kivuko hapa Kamanga turudi nyumbani. Shemeji kaninong'oneza: "Shemeji, tahasusi inaweza kubadilishwa tena?"

Dada kasikia. "Inaweza. Ila Jumamosi utafundisha kwanza."