Ajiambo Si Mjinga

Malaba,
Jumapili

Kaka Oduori,

Hamjambo huko Budalang'i? Nimefurahi kusikia maji yameshuka na mmerudi nyumbani. Shemeji Milka, tafadhali msomee kaka barua hii yote. Kwa simu ningeshindwa kuyasema haya.

Binti yangu Ajiambo ametimiza miaka sita. Anaimba vizuri na kuhesabu anajua, lakini herufi zinamkataa. Mwalimu alimwita mjinga mbele ya wenzake, ndipo nikampeleka kwa daktari Busia.

Daktari akaniuliza, "Mama, kwenu kuna mtu aliyesumbuka kusoma?"

Nikajibu hakuna. Nilifika mlangoni, nikarudi. "Yuko. Ni kaka yangu."

Akanieleza kwamba shida hii mara nyingi hurithiwa. Kwa watoto wengine, sehemu za ubongo zinazounganisha sauti na herufi huwa tofauti kidogo hata kabla hawajaanza kusoma. Si uvivu wala ujinga. Wakifundishwa mapema, kwa njia inayowafaa, wengi husoma.

Kaka, baba alikuchapa mpaka ukaacha shule darasa la nne, na mimi nikacheka. Nisamehe.

Jumatano naenda kwa mwalimu mkuu, na sitatoka pale mpaka anielewe. Njoo twende pamoja. Nimemwambia Ajiambo amefanana na mjomba wake, yule anayefungua injini ya boti na kuirudisha bila kubakiza hata skrubu moja.

Ameniuliza utafika saa ngapi.

Dada yako,
Nabwire