Masale Mawili Mawili

Baba,

Njia yako ipo. Naanza na hilo, maana najua ungeliuliza kabla hata ya kuitikia shikamoo yangu.

Shamba la miti juu ya Uru limevunwa lote. Ofisini walisema njia yako ya kuwapeleka watalii kwenye maporomoko imekufa pamoja na miti, na bosi akaja mezani kwangu: "Wewe ni binti yake. Nenda kaangalie. Kama haipo tunaifuta, wageni wa Jumamosi tuwapeleke Marangu." Mimi, Baba, karani ninayeogopa hata mbwa wa jirani! Nilibeba filimbi, mwavuli, na maji ya kutosha ukoo mzima.

Kufika juu nikakosa pa kuelekea. Visiki, matawi yaliyotupwa, njia za trekta kila upande. Ukungu ukashuka. Nililia kidogo, halafu nikakumbuka ulivyokuwa unapanda masale, mimea yetu ile ya majani marefu, kwenye kona za njia badala ya kupigilia vibao. "Kibao watapikia maharage. Isale, Mchagga gani atalikata?"

Basi nilipoona masale nikachuma jani moja, nipate kulinganisha na mengine, nikayafuata. Yakanifikisha uani kwa bibi mmoja aliyekuwa anakamua ng'ombe. Nilisahau kabisa kwamba jani hilo kwetu ndilo hubebwa kuombea msamaha.

"Mae! Nani kanikosea mpaka anatuma mtoto wa mjini?"

Nikababaika, nikaamkia mara mbili. Hapana Bibi, nimepotea tu. Alicheka mpaka maziwa yakamwagika. "Liweke chini hilo jani, nisije nikamsamehe mtu bure!"

Nilipotaja jina lako akasema anakukumbuka vizuri. Akaniambia nimefuata mpaka wa kihamba chake, shamba lake la migomba. Masale ya mpaka hukaa mstari; yako uliyapanda mawili mawili, "kama watu wanaopiga soga."

Nikarudi. Na kweli, katikati ya visiki, mawili yamesimama. Alama ya tairi inakuja moja kwa moja, inafika pale, inazunguka. Hawakuyagusa, Baba! Mbele yake mengine, na mengine, mpaka nikaingia msitu wa asili na kusikia maji. Nilikaa kwenye lile jiwe letu la kulia ndizi choma, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Ila kona ya mwisho kabla ya msitu limebaki moja. Mwenzake amekwenda na gogo lililoburutwa.

Jumamosi nitatangulia mimi mbele ya wageni. Bado naogopa, lakini nitatangulia. Kabla ya hapo nitapita kaburini kwako nikate kipande cha isale lililo kichwani pako. Naomba ruhusa mapema, usije ukanishtua. Nitakipanda kwenye ile kona, lile lililobaki lisikae peke yake.

Pumzika sasa, Baba. Kila nikipita hapo nitakuamkia.

Binti yako